Maswali ya Hesabu: Bao Lililojazwa Maradufu

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Barazani kwetu tunacheza bao kila siku baada ya laasiri. Juzi kijana mmoja wa skuli katuuliza: ukitia kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, nane la nne, ukaendelea hivyo maradufu mpaka bao lote lishe, zitaingia kete ngapi? Mmoja wetu kasema bilioni nne na ushei. Mwengine kakataa katakata, eti bao halifiki hata mashimo arubaini, bilioni itoke wapi. Kisha huyo wa bilioni akaleta majawabu mawili yanayopishana kwa kete moja. La kweli ni lipi? Na hiyo namba ina jambo ndani yake, au ni kubwa tu?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na 32 zinatosha kabisa kufika huko. Jawabu ni kete 4,294,967,295: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na tano. Aliyesema 4,294,967,296 kazidisha kete moja. Kosa lake ni la kawaida: kachukua kete za shimo la mwisho, kazizidisha kwa mbili, kasahau kutoa moja.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwa mkono kuliko kwa kalamu. Azima kete moja ya pembeni uitie shimo la kwanza. Sasa zimo mbili. Zichote zote uzimwage shimo la pili, ambamo zimo mbili, zinakuwa nne. Chota hizo nne umwage la tatu, unakuta nne zinakungoja, nane. Kila shimo unalofika lina kete sawasawa na ulizoshika. Ukifika la 32 unakuta 2,147,483,648, na mkononi una 2,147,483,648. Jumla 4,294,967,296. Sasa rudisha ile ya kuazima.

Anayetaka kuhakiki asingoje mwisho, ahesabu safu kwa safu. Ikiisha safu ya kwanza, kete ni 255. Ikiisha ya pili, 65,535. Ikiisha ya tatu, 16,777,215. Kwa hiyo safu tatu kamili hazijafika hata milioni 17, na ile ya nne peke yake inameza 4,278,190,080. Hapo ndipo aliyekataa alipopotea. Maradufu huanza kama mchezo, na uzito wake wote uko mwishoni. Zile komwe 64 za bao la kawaida zingejaza mashimo sita tu (63), ikabaki moja. Na mtu akikaa kuzihesabu zote, moja kwa sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka 136.

Sasa hilo la pili, kama ina jambo ndani yake. Inalo. Namba hujulikana kwa kuipasua mpaka zibaki namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kwa kawaida kupasua namba ya tarakimu kumi ni kazi ya jasho. Hii inajifungua yenyewe kwa kanuni ya darasani ya tofauti ya miraba. Kwa kuwa 65,536 × 65,536 = 4,294,967,296, basi namba yetu, ambayo imepungua moja, ni (65,536 − 1) × (65,536 + 1). Na 65,536 nayo ni mraba wa 256, na 256 ni mraba wa 16, na 16 wa 4. Kwa hiyo inashuka ngazi kwa ngazi:

4,294,967,295 = 65,535 × 65,537
65,535 = 255 × 257
255 = 15 × 17
15 = 3 × 5

Zikikusanywa: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba tasa tano, hakuna iliyojirudia.

Kutoka hapo mengine yanahesabika bila taabu. Vigawo vyake ni vingapi? Kila moja ya zile tano ama imo ama haimo, basi 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32. Mashimo 32, vigawo 32. Mtu angesema imesadifu tu, lakini jaribu nusu ya bao: mashimo 16, kete 65,535, tasa nne, vigawo 16. Safu moja: mashimo 8, kete 255, tasa tatu, vigawo 8. Jaribu safu tatu na mpango unavunjika: 16,777,215 = 3 × 3 × 5 × 7 × 13 × 17 × 241, na vigawo vyake ni 96. Sababu ni kwamba 32, 16 na 8 zinagawika nusu kwa nusu mpaka 1, na kila nusu inatoa ngazi moja ya tofauti ya miraba. 24 inashuka 12, 6, 3, kisha inakwama.

Jengine: kuanzia 1 mpaka 4,294,967,295, namba ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Toa moja kwenye kila tasa, uzidishe: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Zote ni vipeo vya mbili, na jumla ya vipeo ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31. Jawabu 2,147,483,648, yaani zile zile kete za shimo la 32, si zaidi si pungufu. Vigawo vyake vyote ukiviondoa yenyewe vina jumla ya 3,009,636,033. Haifikii namba yenyewe, kwa hiyo ni katika zile ziitwazo pungufu. Hili halina ajabu. Witiri nyingi ziko hivyo.

Lenye ajabu ni hili. Chora pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kila penye witiri andika 1, kila penye shufwa andika 0, kisha usome mstari kama idadi ya kete katika mashimo yetu: shimo la mwisho wa mstari lina 1, linalofuata 2, kisha 4, na kuendelea.

1 → 1 → 1
1 1 → 11 → 3
1 2 1 → 101 → 5
1 3 3 1 → 1111 → 15
1 4 6 4 1 → 10001 → 17
1 5 10 10 5 1 → 110011 → 51
1 6 15 20 15 6 1 → 1010101 → 85
1 7 21 35 35 21 7 1 → 11111111 → 255

Tazama mkono wa kulia. Hivyo ni vigawo vya namba yetu kwa mpangilio, kidogo mpaka kikubwa, bila kuruka hata kimoja. Mstari unaofuata unatoa 257, kisha 771, kisha 1,285. Mstari wa 32 witiri tupu, 1 thelathini na mbili, yaani bao zima: 4,294,967,295. Mstari wa 33 unatoa 4,294,967,297, na hiyo si kigawo cha chochote humu. Tutaikuta tena kwenye barua ya Chake Chake.


SWALI: Kalkuleta yangu ya dukani ya tarakimu 8 nikiizidishia mbili mara nyingi inatoa herufi E na kuganda. Simu inaendelea, lakini mwisho inaniandikia 1.844674407E19. Nataka namba kamili ya 2 kipeo cha 64, tarakimu zote.
Mwenye duka, Mwanakwerekwe, Unguja

JAWABU: Kalkuleta ya tarakimu 8 inaishia 67,108,864, ambayo ni 2²⁶. Ya 27 ina tarakimu tisa, haina pa kuziweka. Ile ya tarakimu 12 inafika 2³⁹. E19 ya kwenye simu inasema nukta isogezwe nafasi 19 kulia; namba ina tarakimu 20, simu kakuonyesha kumi za mwanzo, nyengine kazikata. Usizijazie sifuri. Ukiandika 18,446,744,070,000,000,000 umepunguza 3,709,551,616, karibu bilioni nne, na huwezi kujua kwa macho.

Ipasue. 2⁶⁴ ni 4,294,967,296 ikizidishwa kwa nafsi yake. Kata tarakimu zake kumi katikati: 42949 na 67296. Kisha fanya mazidisho matatu ambayo simu inayaweza:

42,949 × 42,949 = 1,844,616,601
42,949 × 67,296 × 2 = 5,780,591,808
67,296 × 67,296 = 4,528,751,616

La kwanza liongeze sifuri kumi, la pili sifuri tano, la tatu liache lilivyo. Yapange kwa kulia ujumlishe kwa mkono:

18,446,166,010,000,000,000
578,059,180,800,000
4,528,751,616

Jumla: 18,446,744,073,709,551,616.

Watu hukosea mahali pawili. Husahau ile "× 2" ya katikati, au hupanga mistari kwa kushoto. Andika kwenye karatasi ya miraba, tarakimu moja kwa kila mraba.

Kisha hakiki kwa tisa. Jumlisha tarakimu za 4,294,967,296: 58, kisha 5 + 8 = 13, kisha 4. Mraba wa 4 ni 16, yaani 7. Tarakimu za jawabu zina jumla ya 88, kisha 16, kisha 7. Zimeafikiana. Lakini tisa ina upofu wake: ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili, jumla haibadiliki na kosa linapita. Kwa hilo hakiki kwa kumi na moja. Anzia kulia, jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne. Namba ndogo inatoa −18. Ongeza 22, unapata 4. Mraba wake 16, ukitoa 11 ni 5. Jawabu kubwa linatoa 63 − 25 = 38, na 38 ukitoa 33 ni 5. Hapo unaweza kulala.

Upofu huo wa tisa unafaa dukani. Daftari na fedha zikipishana, gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kabla ya kumshuku mtu yeyote tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi: aliyeandika 54,300 badala ya 45,300 anakuletea tofauti ya 9,000. Hata hivyo si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 ni ya tarakimu kubadilishana. Noti ya 10,000 ikiwa imehesabiwa kama ya 1,000 nayo inatoa 9,000.


SWALI: Maalim wetu anasema namba yoyote inaandikwa kwa 0 na 1 tupu. Naomba mfano mmoja mkubwa, tena wa kwetu, na njia ya kuufanya.
Mwanafunzi, Makunduchi, Unguja

JAWABU: Tuchukue watu wa Zanzibar kwa sensa ya 2022: 1,889,773. Igawe nusu kwa nusu. Ikiwa witiri, andika 1 na utupe nusu inayobaki. Ikiwa shufwa, andika 0.

1,889,773 → 1. 944,886 → 0. 472,443 → 1. 236,221 → 1. 118,110 → 0. 59,055 → 1. 29,527 → 1. 14,763 → 1. 7,381 → 1. 3,690 → 0. 1,845 → 1. 922 → 0. 461 → 1. 230 → 0. 115 → 1. 57 → 1. 28 → 0. 14 → 0. 7 → 1. 3 → 1. 1 → 1.

Soma kutoka mwisho kurudi mwanzo: 111001101010111101101. Wengi husoma kutoka mwanzo na kupata namba nyengine kabisa. Kwa lugha ya msomaji wa Wete, ukimwaga mashimo ya 1, 3, 4, 6, 7, 8, 9, 11, 13, 15, 16, 19, 20 na 21 ya lile bao lake, unapata kete moja kwa kila aliyehesabiwa. Mashimo 14, na hakuna mkusanyiko mwengine wa mashimo utakaokupa idadi hiyo hiyo.


SWALI: Nimewaonyesha wanafunzi kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, na kila moja ni mraba wa iliyopita ukipunguza moja kwanza, kisha ukaongeza moja. Mmoja akauliza: inayofuata je? Kuigawa kwa kila tasa darasani haiwezekani.
Mwalimu, Chake Chake, Pemba

JAWABU: Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini zote zinazofuata ni tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Mpaka leo haijapatikana ya sita iliyo tasa.

Darasani unaweza kuyathibitisha yote mawili, utasa wa 65,537 na kuvunjika kwa hiyo nyengine, kwa dakika chache. Kanuni ya Euler ni hii: kigawo chochote kilicho tasa cha 2¹⁶ + 1, yaani 65,537, ukikigawa kwa 32, kinabakisha 1. Na cha 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ukikigawa kwa 64, kinabakisha 1.

Kwa 65,537 hakuna haja ya kupita 256, maana mraba wa 256 ni 65,536. Orodhesha zinazobakisha 1 kwa 32: 33, 65, 97, 129, 161, 193, 225. Tasa humo ni 97 na 193 tu. 65,537 kwa 97 inabakisha 62. Kwa 193 inabakisha 110. Imekwisha, ni tasa. Gawanyo mbili.

Kwa 4,294,967,297, tasa zinazobakisha 1 kwa 64 ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano inaingia. Lakini hata kugawa si lazima, kwani 641 ina sura mbili:

641 = 5 × 128 + 1
641 = 625 + 16

Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ inapungua moja kufika 641, yaani baki yake ni −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ baki yake ni 1. Kwa sura ya pili, 5⁴, yaani 625, baki yake ni −16, yaani −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸ = −2³², na baki yake ni 1. Basi 2³² + 1 haina baki. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini baki inaweza kuwa chini ya sifuri, mwambie saa ikiwa inakosa dakika moja kufika kamili hatusemi imepita 59.

Muonyeshe pia majirani watatu: 4,294,967,295 ina tasa tano tofauti, 4,294,967,296 haina ila 2, na 4,294,967,297 ina mbili tu, moja ndogo na moja kubwa. Wamekaa mlango kwa mlango na hawana kigawo hata kimoja cha pamoja zaidi ya 1.


SWALI: Nachonga milango. Nimetakiwa ua la duara la petali 15, na pengine la petali 7. Kwa bikari na rula tu, bila kipimapembe, yanawezekana? Nusu kipenyo ni sentimita 30.
Fundi, Mji Mkongwe, Unguja

JAWABU: La 15 linawezekana bila kasoro. La 7 haliwezekani kwa ukamilifu, na si kwa uhaba wa ufundi.

Kwa 15: chora duara, katikati iite O. Piga vipenyo viwili vinavyokatana msalaba, AB na CD. Tafuta katikati ya OB, iite M. Weka sindano ya bikari kwenye M, ifungue mpaka C, zungusha ikate OA, pakate E. Umbali CE ndio upande wa pembe tano, na kwa duara lako ni sentimita 35.27. Anzia C, tembeza bikari kwa kipimo hicho hatua mbili. Rudi C, fungua bikari kwa nusu kipenyo, sentimita 30, tembea upande ule ule hatua mbili. Hapo umemaliza theluthi ya duara. Nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili ni moja ya kumi na tano. Inatakiwa iwe sentimita 12.47. Ikitoka 12.5 au 12.4, ukizungusha mara 15 hutarudi ulipoanzia. Fungua tena kutoka CE, kwa kuwa kosa dogo la pale ndilo linalokua. Na usitembeze hicho kipande kimoja duara zima. Weka kwanza alama tano za pembe tano, kisha kutoka kila moja weka tatu tatu za theluthi. Kila alama itatoka kwenye kipimo kikubwa, makosa hayajilimbikizi.

Inafanya kazi kwa sababu 15 = 3 × 5, tasa mbili katika zile tano za barua ya juu. Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba pembe 17 inachorika, na katika kitabu chake cha 1801 akatoa kanuni. Pierre Wantzel akaikamilisha mwaka 1837: poligoni sawa yenye pembe witiri inachorika kwa bikari na rula ikiwa tu idadi ya pembe ni tasa za Fermat zilizozidishwa bila kurudia. Tunazozijua ni tano, kwa hiyo idadi za pembe witiri zinazochorika na tunazozijua ni 31: vile vigawo 32 vya 4,294,967,295 ukiondoa 1. Kubwa kuliko zote ni yenyewe, poligoni ya pembe bilioni nne na ushei, ambayo hakuna mbao itakayokuonyesha kuwa si duara.

7 haimo. Mafundi hutumia mkato: chukua nusu ya upande wa pembetatu sawa iliyomo ndani ya duara. Kwako ni sentimita 25.98. Inayotakiwa ni 26.03. Upungufu ni nusu milimita kwa hatua, lakini ukizunguka hatua saba unaachwa na mwanya wa milimita 4 hivi, na jicho linauona. Fungua bikari kwa 26.03 kwa kuipima kwenye rula, au tumia mkato na ugawe ule mwanya kwenye petali zote kabla ya kushika patasi.


SWALI: Nasikia kompyuta za zamani zitachanganyikiwa mwaka 2038 kwa sababu ya namba 2,147,483,647. Kwa nini hiyo?
Msomaji, Tunguu, Unguja

JAWABU: Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Ya zamani iliipa hesabu hiyo nafasi 32 za 0 na 1, lakini moja imewekwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa, zikabaki 31. Nafasi 31 zikijaa zote ni 2,147,483,647, sawa na mashimo 31 ya lile bao la Wete. Euler, huyo huyo, alithibitisha mwaka 1772 kwamba ni tasa: mashimo 32 na namba inapasuka tasa tano, 31 haipasuki kabisa. Hata hivyo utasa wake hauhusiki na tatizo la saa. Kinachohusika ni kujaa.

Sekunde hiyo ya mwisho itakuwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa yetu. Inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma hesabu iliyo chini ya sifuri na kurudi Disemba 1901. Simu na kompyuta mpya zimeshahamia nafasi 64, kwa hiyo si za kuzihofia. Vya kuangalia ni vifaa vinavyowekwa na kusahauliwa: mita, mashine za mlango, rekoda za kamera, na programu za hesabu zilizoandikwa zamani. Jaribio ni rahisi. Kwanza hifadhi nakala ya kila kilichomo, kisha kata intaneti ili saa isijirekebishe, peleka tarehe mpaka 18 Januari 2038, ukiache kifaa siku mbili, uone kinaandika tarehe gani.